Kutembea na kutazama ndege kwenye nyika za kaskazini mwa Uingereza, ukianzia Ilkley

Watu wengi huenda kwenye nyika za Yorkshire mwezi Agosti, erika inapochanua na kugeuza vilima vizima kuwa zambarau, kisha wanarudi mjini wakisema kule hakuna ndege. Wanasema kweli. Kufikia mwisho wa Julai sululu wameshashuka pwani, plova wameondoka na kabila lao, na waliobaki wamenyamaza. Ukitaka picha nzuri, nenda Agosti. Ukitaka ndege, nenda kati ya mwanzo wa Aprili na katikati ya Juni, wahi asubuhi, na usiwe na haraka ya kufika kileleni.

Nyika hizi ni ardhi ya juu isiyo na miti, aghalabu kuanzia mita 250 juu ya usawa wa bahari hadi 600 na ushei. Chini kuna piti, udongo mweusi wa mimea iliyooza nusu kwa maelfu ya miaka, na juu yake imetanda erika. Aliyepanda Kilimanjaro au Mlima Kenya ataitambua jamii hiyo ya mimea, ila kule hufikia kimo cha mti na hapa ni nadra kuvuka goti. Kwa jicho la mgeni yote ni kahawia tupu. Ndege wapo, lakini wanakaa chini, wana rangi ya majani makavu, na wengi utawasikia muda mrefu kabla ya kuwaona. Kwa hiyo masikio na subira vitakufaa kuliko miguu yenye nguvu.

Ndege tunaowataja tumewawekea jina la kisayansi, kwenye mabano au peke yake. Ukiliandika hilo kwenye programu ya simu litakuletea ndege mwenyewe, maana majina ya Kiswahili ya ndege wa Ulaya hayajatulia.

Siku na saa

Sululu na plova huanza kupanda kutoka pwani mwishoni mwa Februari na Machi. Machi ni mapema mno kwa anayeanza: baridi bado kali, na theluji si ajabu. Aprili ikifika katikati, karibu kila ndege anayezaliana juu ameshawasili, isipokuwa kekeo anayefika mwishoni mwa mwezi. Mei ndiyo mwezi wenyewe. Kuanzia Oktoba hadi Februari utakutana na grausi, ndege mnene kama kwale ambaye hahami, na kunguru, na ukibahatika bundi anayewinda mchana. Matembezi ya majira hayo ni mazuri kwa mapafu, lakini usitarajie orodha ndefu.

Katikati ya Mei jua huchomoza karibu saa 11 alfajiri, na saa tatu zinazofuata ndizo zenye sauti nyingi kuliko zote. Ukizikosa, panda jioni kuanzia saa 12. Jua halitui mpaka kama saa 3 usiku, kwa hiyo nafasi ipo. Kati ya saa 6 na saa 9 mchana ndege hupumzika na njia hujaa watu na mbwa. Jumapili treni za kwanza huchelewa kuanza, kwa hiyo Jumamosi ni bora kwa asiye na gari. Desemba hesabu ni nyingine kabisa: mchana una saa saba na nusu tu, na giza huingia kabla ya saa 10 na nusu alasiri.

Upepo ni adui kuliko mvua. Ukivuma zaidi ya kilomita 30 kwa saa, ndege wadogo hawapandi kuimba, wakubwa hulala chini ya erika, na wewe husikii kitu isipokuwa kofia yako ikipigapiga. Usisome utabiri wa mji. Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, wana utabiri wa milima wa Yorkshire Dales na wa Peak District. Angalia upepo wa juu na kimo cha mawingu. Joto hupungua kati ya nusu digrii na digrii moja kila unapopanda mita 100. Leeds ikiwa na digrii 12, juu ya Ilkley huenda kuna 9, na upepo ukiongezeka mwili utahisi 4 au 5.

Njia ya kuanzia: Ilkley Moor

Tumechagua Ilkley kwa sababu treni inakufikisha karibu na mguu wa nyika, na ukipotea, kushuka kaskazini kunakurudisha mjini. Kutoka Leeds ni kama nusu saa, na Ilkley ndiyo stesheni ya mwisho, kwa hiyo huwezi kupitiliza. Ramani yake ni Ordnance Survey Explorer 297, ya kipimo cha 1:25 000, ambapo sentimita 4 ni kilomita moja.

Toka stesheni, shika Wells Road inayopanda kusini. Ni mwinuko wa kukutoa jasho, na ukifika mwisho wa nyumba utavuka wavu wa vyuma uliolazwa barabarani kuzuia kondoo. Nyika imeanza. Juu yako kuna jengo jeupe, White Wells, nyumba ya bafu ya maji baridi ya karne ya 18. Bendera ikipepea, pako wazi. Nyuma yake ngazi za mawe zinapanda kwenye mwamba. Ukishafika juu ya ukingo mteremko hulegea, upeo hufunguka, na njia huelekea kusini ikiinama kidogo mashariki hadi Twelve Apostles, duara la mawe la Enzi ya Shaba. Sehemu nyingi za majimaji zimetandikwa mabamba ya mawe. Kutoka kwenye duara, geuka kaskazini na ushuke hadi Cow and Calf, miamba miwili inayoonekana toka mbali, kisha magharibi kurudi mjini. Tahadhari moja: upande wa Cow and Calf una ukuta wa mwamba ulio wima kabisa. Ukungu ukishuka, usiutafute ukingo wake. Shika njia pana inayoelekea maegesho ya magari.

Jumla ni kama kilomita 8 na mpando wa karibu mita 300. Kanuni ya Naismith, ambayo wapanda vilima wa Uingereza wanaitumia tangu 1892, inahesabu saa moja kwa kila kilomita 5 na nusu saa kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hiyo hapa ni saa 2 na dakika kadhaa. Hiyo ni ya mtu anayetembea tu. Kwa mtazama ndege izidishe mara mbili: weka saa 4, na ukimaliza kwa saa 2 na nusu ujue umepita ndege wengi.

Vituo vya kukaa ndivyo vinavyoleta tofauti. Cha kwanza ni juu ya ngazi, mara tu ukingo unapokwisha: kaa mgongo ukiegemea jiwe, upepo ukiwa nyuma yako, dakika 20 kamili, usiinuke. Dakika tano za kwanza hutaona kitu. Ndege walionyamaza ulipopita wanahitaji muda wa kukusahau. Cha pili ni sehemu za majimaji kabla ya duara la mawe. Cha tatu wengi hukipuuza: upande wa mashariki, kuelekea Burley, nyika inapokutana na mashamba ya malisho yenye kuta za mawe. Sululu hutaga juu kwenye nyasi na erika lakini huja kula minyoo kwenye malisho, lapwingi hukaa palepale, na juu ya kuta husimama ndege ambao katikati ya nyika huwapati. Mpaka huo una uhai kuliko kilele, hapa Ilkley na karibu kila nyika nyingine ya Pennines, safu ya vilima vya kaskazini mwa Uingereza.

Darubini

Chukua 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Muuzaji huenda akakusukumia 10x50 au 12x50 kwa hoja kwamba inavuta zaidi. Ni kweli, na inavuta vilevile mtetemo wa mikono yako kwenye upepo, halafu eneo inaloonyesha ni finyu kiasi kwamba kozi akipita chini chini hutamnasa. 8x32 ni nyepesi na inafaa sana mchana. Alfajiri inapungukiwa mwanga. Zile zenye ukuzaji wa kubadilisha, usinunue hata zikiwa za bei ya bure.

Ukishaipata, irekebishe mara moja nyumbani. Kama unavaa miwani, sukuma ndani vikombe vya macho. Kama huvai, vivute nje. Bana au tanua mirija hadi uone duara moja badala ya mawili. Funga jicho la kulia, lenga maandishi yaliyo mbali kama mita 30, na uzungushe gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione wazi. Sasa funga la kushoto, usiguse gurudumu, zungusha pete iliyo kwenye kijicho cha kulia mpaka maandishi yaleyale yawe wazi. Kumbuka pete imesimama wapi. Wanaolalamika kuumwa kichwa na darubini, wengi wao wameiruka hatua hiyo ya mwisho.

Kumnasa ndege nako kuna namna. Kosa la kawaida ni kumwona ndege, kuinama kuitafuta darubini, kuinua uso, na kukuta amepotea. Usimwachie macho. Mkazie, kisha leta darubini mbele ya macho bila kusogeza kichwa. Akiwa ametua kwenye erika, shika kwanza alama ya karibu naye, jiwe jeupe au nguzo, uilenge hiyo, halafu sogea taratibu.

Utawasikia na kuwaona akina nani

Mwenyeji ni grausi mwekundu (Lagopus scotica), mnene kama kwale aliyenona, hudhurungi iliyoiva, dume akiwa na ukope mwekundu juu ya jicho. Miguu yake imevaa manyoya meupe hadi vidoleni. Atakushtua: anaruka kutoka karibu na buti zako, mabawa yakipiga kwa kasi, kisha anateleza chini chini akibweka "gobaki, gobaki, gobaki". Usimkimbilie. Angalia alipotua, maana mara nyingi hunyoosha shingo juu ya erika kukuangalia, na hiyo ndiyo nafasi yako ya sekunde kumi. Vinyesi vyake ni vipande vikavu vya rangi ya majani, virefu sentimita 2 hivi, vikiwa vimekusanyika kando ya njia. Ukiviona vingi, tembea polepole.

Sululu (Numenius arquata) hakosewi, kwa mdomo wake mrefu uliopinda chini unaoweza kufika sentimita 15. Waliomwona Mida Creek maji yakipwa watamkumbuka kama ndege mkimya anayechokoa tope, ingawa wanaofika pwani ya Kenya wengi huzaliana upande wa Urusi. Huku juu ni kiumbe mwingine. Dume hupanda, hutanua mabawa, na huku akishuka kwa kuteleza hutoa sauti inayoanza kwa miluzi mirefu ya pole, ikaongeza mwendo mpaka ikabubujika kama birika lililochemka na kifuniko chake. Takriban robo ya sululu wa aina hii duniani wanazaliana Uingereza na majirani zake wa kisiwa hicho, na tangu 2015 wamo kwenye orodha nyekundu ya ndege wanaopungua. Anaweka mayai manne chini, wazi, kwenye nyasi. Akianza kukuzunguka juu akilia kwa ukali na haraka, si kwamba anakuimbia. Uko karibu na kiota. Rudi kwa njia uliyojia, usimtafute. Kila dakika anayokuwa hewani mayai yanapoa, na kunguru anatazama.

Plova wa dhahabu (Pluvialis apricaria) ana filimbi moja tu, noti ya huzuni inayorudiwa kila baada ya sekunde chache, na inadanganya umbali vibaya: utadhani yuko mita 20, kumbe ni 150. Pekua juu ya vishungi vya nyasi na mawe madogo. Anasimama wima, mgongo una madoa ya manjano iliyokoza, tumbo jeusi limezungushiwa mstari mweupe. Lapwingi (Vanellus vanellus) ni wa malisho: ana kishungi chembamba kisogoni, mabawa mapana ya duara, na anapepesuka angani kana kwamba amepoteza udhibiti.

Sasa wale wadogo, ambao ndio huwavuruga wengi. Ndege mdogo wa kahawia mwenye michirizi, akilia "sip-sip-sip" anaporuka kutoka njiani, ni pipiti (Anthus pratensis) mara tisa kati ya kumi. Kipozamataza (Alauda arvensis) anafanana naye ila ni mkubwa zaidi, ana kishungi kifupi, na ukingo wa nyuma wa bawa lake ni mweupe. Njia ya uhakika ni kuangalia wanavyoimba. Pipiti hupanda kiasi, kisha hushuka chini kwa mabawa yaliyokakamaa na mkia juu, na wimbo wake unakwisha anapogusa nyasi. Jambo zima ni chini ya nusu dakika. Kipozamataza hupanda wima mpaka anakuwa nukta, anabaki huko, na anaimba dakika kadhaa mfululizo bila kituo. Ukisikia wimbo usiokatika na humwoni mwimbaji, tazama juu zaidi ya unapotazama.

Kwenye kuta za mawe mtafute Oenanthe oenanthe, anayerejea kuanzia mwisho wa Machi. Dume ana mgongo wa kijivu na kinyago cheusi, lakini alama yake ni anaporuka kukukimbia: kiuno cheupe, na mkiani T nyeusi iliyopinduliwa. Anaonekana pia Kenya na Tanzania kuanzia Oktoba, ila wale hutoka mashariki zaidi, baadhi Alaska. Wa Uingereza hukaa Afrika Magharibi. Juu ya kichaka kirefu kuliko vingine akisimama ndege mdogo mwenye kichwa cheusi na kifua cha chungwa, akigonga sauti ya kokoto mbili, huyo ni Saxicola rubicola.

Kekeo (Cuculus canorus) hutaga kwenye viota vya pipiti, ndiyo maana nyika ni mahali pazuri pa kumsikia siku hizi, amekwisha kupungua sehemu nyingi za bondeni. Anaporuka watu humdhania kozi: mkia mrefu, mabawa yamechongoka. Tofauti ni kwamba mabawa yake hayapandi juu ya mgongo. Wazima huanza kuondoka Juni, wiki chache tu tangu wafike, na vifaa vya setilaiti ambavyo BTO, shirika la utafiti wa ndege la Uingereza, limekuwa likiwafunga tangu 2011 vinaonyesha wanakwenda kukaa bonde la Kongo.

Kuhusu ndege wawindaji, anayesimama hewani mahali pamoja akitikisa mabawa ni Falco tinnunculus, wa kawaida kabisa. Kozi mdogo Falco columbarius hasimami. Anapita kwa kasi mita moja au mbili juu ya erika akifukuza pipiti, na utakuwa na sekunde tatu. Asio flammeus, bundi wa mchana mwenye macho ya manjano, hupiga mabawa polepole juu ya nyasi ndefu. Circus cyaneus, dume wa kijivu kilichofifia na ncha nyeusi za mabawa, ni adimu kwa sababu ameuawa kwa miaka mingi kwenye nyika za kuwindia grausi. Ukimwona akibeba chakula au vijiti, ondoka na usiweke mahali hapo mtandaoni. Kumsumbua huyo au Falco columbarius kwenye kiota ni kosa la jinai chini ya sheria ya wanyamapori ya 1981. Na ukikuta ndege mwindaji amekufa, usimguse hata kidogo, huenda ametegwa kwa sumu: piga picha, chukua namba ya mahali kwenye ramani, piga 101, namba ya polisi isiyo ya dharura.

Programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell inatambua sauti, na ukipakua kifurushi cha Uingereza ukiwa nyumbani itafanya kazi bila mtandao. Upepo unaiharibu; ugeuzie upepo mgongo wako na uikinge simu kwa mwili. Itumie kama dokezo, si hukumu. Usichezeshe sauti za ndege kuwaita msimu wa kutaga: dume ataacha kulinda na kulisha ili aje kupigana na simu yako.

Chini ya miguu

Mimea ndiyo ramani ya tope. Erika na vichaka vya bilberi, ambavyo huzaa matunda madogo ya buluu Julai na Agosti, huota palipo pakavu kiasi. Kangaga nazo hupenda udongo mkavu wenye kina. Ukiona matete membamba ya kijani, utalowa viatu. Ukiona vishada vyeupe vya pamba vikipepea, utalowa hadi kifundo. Na lile zulia la kuvumwani la kijani king'avu, lililo laini na la kupendeza, usilikanyage kabisa, kwa kuwa chini yake mara nyingi ni maji na piti iliyolegea. Mguu ukizama, usiukwanyue kwa nguvu, utaacha buti humo. Egemea nyuma, tikisa kisigino kipate hewa, kisha uvute polepole. Mabamba ya mawe nayo huteleza asubuhi ya baridi kali, kanyaga kingo za nyasi kando yake.

Vaa buti zisizopitisha maji zenye soli ya kung'ata, soksi za sufu, na suruali yoyote isipokuwa jinzi. Jinzi ikilowa haikauki siku nzima, inanyonya joto la mapaja, na ni moja ya sababu za kawaida za watu kupoozwa na baridi siku ambayo haikuwa na baridi kubwa. Nguo tatu nyepesi kifuani ni bora kuliko sweta moja zito, na juu yake koti la mvua lenye kofia. Glavu na kofia ya sufu zikae kwenye mfuko hata Mei, maana unayekaa kitako dakika 20 ni wewe. Kipande cha sponji cha kukalia kina thamani kuliko kifaa chochote cha bei. Maji lita moja na nusu. Ya kijito usiyanywe, huenda kuna kondoo aliyekufa juu yake. Chapati zilizokunjwa na chai ya tangawizi kwenye chupa hushinda kila kinachouzwa stesheni.

Ukungu ukishuka

Unashuka kwa dakika chache. Simama. Kuendelea kutembea "kidogo tu" ndiko kunakowapoteza watu. Tambua mahali pa mwisho ulipokuwa na uhakika napo, kisha tumia dira: laza ukingo wake kwenye ramani kutoka ulipo hadi unapokwenda, zungusha duara lake mpaka mistari ya ndani iwe sambamba na mistari ya kaskazini ya ramani, inua dira, geuza mwili mpaka sindano ikae ndani ya mshale. Fuata mshale wa mbele kwa kulenga jiwe moja baada ya jingine. Katika eneo hili siku hizi kaskazini ya dira na ya ramani zimekaribiana sana, hakuna cha kuongeza wala kupunguza kwa mwendo mfupi.

Simu hupoteza chaji haraka kwenye baridi, iweke mfuko wa ndani. Kabla hujasafiri tuma neno "register" kwenda 999 ufuate maelekezo, ili siku mtandao ukiwa dhaifu uweze kuomba msaada kwa ujumbe mfupi. Kwa kupiga, ni 999 au 112. Omba polisi, kisha uwaambie unataka Mountain Rescue. Bila simu, puliza filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Jibu ni mipulizo mitatu, nawe usiache kupuliza mpaka wakufikie.

Ruhusa, mbwa, risasi na moto

Ardhi iliyopakwa manjano hafifu kwenye ramani ya Explorer unaruhusiwa kutembea popote kwa miguu, chini ya sheria ya 2000. Haki hiyo ilidaiwa kwa miguu: tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watu walipanda nyika ya Kinder Scout, Peak District, bila idhini ya wenye ardhi, na baadhi yao walifungwa. Lakini kuruhusiwa kupita popote si sababu ya kupita popote. Kati ya Machi na Julai baki kwenye njia, viota viko ardhini. Kipindi hichohicho, 1 Machi hadi 31 Julai, mbwa lazima awe kwenye kamba isiyozidi mita 2, na karibu na mifugo mwaka mzima. Ng'ombe wakikujia kwa hasira ukiwa na mbwa, mwachilie. Wanamtaka yeye, na ana mbio kuliko wewe.

Mageti yaache ulivyoyakuta. Ilkley haina tena uwindaji wa grausi, halmashauri ya Bradford iliacha kukodisha haki hiyo 2018, lakini nyika nyingine nyingi zinawinda kati ya 12 Agosti na 10 Desemba. Ukikuta msururu wa vizimba vifupi vya mawe na watu wenye bendera, subiri uelekezwe. Jumapili kwa desturi hawapigi.

Moto ni marufuku, na jiko la mkaa la kutupa ndilo baya kuliko yote. Piti ikishika moto huungua chini kwa chini siku nyingi. Ilkley iliungua Aprili 2019, katikati ya msimu wa kutaga.

Mahali pengine

Ukishaizoea Ilkley, nenda Hathersage, kwenye reli ya Sheffield na Manchester, upande Stanage Edge: kwenye miamba ile hutaga Turdus torquatus, mweusi mwenye hilali nyeupe kifuani. Fika Aprili mapema asubuhi kabla wapanda miamba hawajajaa. Marsden, kati ya Huddersfield na Manchester, ina plova wa dhahabu na stesheni jirani. Kinder Scout, mita 636, unaifikia kutoka Edale, lakini juu yake piti imekatwakatwa kuwa mahandaki yanayofanana yote. Si ya kwenda peke yako kabla dira haijakuzoea.

Ukirudi nyumbani

Kagua kupe siku hiyohiyo: nyuma ya magoti, kinena, kwapani, kwenye mstari wa nywele kwa watoto. Wanashika zaidi kwenye kangaga na nyasi ndefu, kwa hiyo chomeka suruali ndani ya soksi ukiwa bado njiani. Ukimpata, mshike kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, mvute juu taratibu bila kumsokota wala kumminya tumbo, safisha kwa sabuni. Usimpake mafuta wala kumchoma kwa kiberiti, atatapika ndani yako. Andika tarehe. Wekundu unaotanuka kwa duara, aghalabu ndani ya wiki moja hadi nne, ni dalili ya ugonjwa wa Lyme. Kwenye ngozi nyeusi huenda usionekane mwekundu bali doa lililokolea au lenye rangi ya michubuko, na ndiyo sababu watu wetu huchelewa kutibiwa. Nenda kwa GP, daktari wako wa kawaida, mwambie ulikuwa nyikani na tarehe uliyoumwa.